Dhamana Ikiwa Juu, Safari Haijaisha Makadara



Leo tuongee kuhusu dhamana. Si ile ya magazetini wakati mwanasiasa ameshikwa. Ni ile ya kijana wa Mukuru kwa Njenga anayefikishwa korti ya Makadara Jumatatu asubuhi, baada ya kulala seli tangu Ijumaa jioni. Anasomewa mashtaka kwa dakika mbili tatu. Anasema si kweli. Hakimu anasema: dhamana ya shilingi 50,000 pesa taslimu, au bondi ya 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho. Kesi itatajwa tena baada ya wiki mbili. Anaitwa mwingine.

Mamake, akiwa huko nyuma kwenye benchi, anasikia neno "dhamana" na kusema alhamdulillah. Jioni simu zinapigwa, group ya WhatsApp ya mchango inafunguliwa, na wiki inaisha kukiwa na elfu kumi na kidogo. Kijana anabaki rumande pale Industrial Area. Kibarua kimeenda. Landilodi amefunga mlango. Na mtaani tayari watu wanasema, "Huyo alifungwa." Nani alimfunga? Kesi haijasikizwa hata siku moja.

Tunachotaka ujue leo ni hiki: kiwango alichotaja hakimu si neno la mwisho. Sheria inakuruhusu kurudi kwa hakimu huyo huyo na kuomba akitazame upya, na inakuruhusu kupanda hadi Mahakama Kuu, jaji aitishe faili na kuangalia kama masharti yale ni ya haki. Njia hii ipo. Wenye mali wanaijua na wanaitumia. Sisi wa mtaa ndio tunaketi kungoja.

Kwanza tuelewe dhamana ni ya nini. Dhamana si faini wala adhabu ya mapema. Ni ahadi kwamba mshtakiwa atarudi kortini kila akiitwa mpaka kesi iishe. Pesa au hatimiliki inayowekwa ni ya kuipa ahadi hiyo uzito tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49(1)(h), inasema mtu aliyeshikwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa anachukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 123(2), inasema kiwango cha dhamana kiwekwe kwa kuangalia hali ya kesi yenyewe, na kisipite kiasi.

Kisipite kiasi. Sasa kiasi cha nani? Hebu tupige hesabu. Chukua kijana wa kibarua cha kiwandani anayelipwa, tuseme, shilingi 600 kwa siku. Dhamana ya 50,000 ni kazi ya siku zaidi ya 83. Akifanya siku sita kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu, bila kula, bila kodi, bila kutumia mama hata shilingi. Kwa mtu mwingine 50,000 ni bei ya simu. Hakimu aliyetaja kiwango hicho huenda hakukusudia kumfunga mtu. Lakini kama hakuna aliyemwambia kijana huyu anapata nini kwa siku, angejuaje? Kumwambia mtu "uko huru kwenda ukilipa" huku ukijua hawezi kulipa ni kumnyima dhamana, ila kwa maneno ya upole.

Mwongozo wa Sera ya Dhamana na Bondi uliotolewa Machi 2015 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, wakati Willy Mutunga akiwa Jaji Mkuu, unasema jambo hilo wazi: kiwango kisizidi kile kinachohitajika kuhakikisha mshtakiwa atarudi kortini. Kisiwe kidogo hadi mtu aone heri atoroke, na kisiwe kikubwa hadi kimfungie nje ya haki yake.

Halafu kuna hii ya mdhamini na hatimiliki. Mukuru kwa Njenga nani ana hatimiliki? Ardhi tunayokaa imezozaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, na bado mwishoni mwa 2021 matingatinga yalikuja na maelfu ya watu wakabaki nje. Mtu ambaye nyumba yake ilikuwa mabati na mbao, na siku moja ikawa vumbi, ataleta karatasi gani mbele ya karani? Ukiweka sharti la hatimiliki kwa mtaa kama huu, umeufungia mlango mtaa mzima.

Na upande wa mashtaka una sentensi yake ya siku zote: mshtakiwa hana makao ya kudumu, atatoroka. Tukinyamaza, hiyo sentensi inaandikwa kwenye faili kama ukweli. Lakini mtu aliyezaliwa hapa, akasoma hapa, ambaye mamake anauza mboga hapa, makao yake ni wapi kama si hapa? Kukosa hatimiliki na kukosa makao ni mambo mawili tofauti. Kazi yetu ni kumwonyesha hakimu tofauti hiyo, kwa karatasi si kwa kelele.

Sasa tuje kwa Mahakama Kuu. Kifungu cha 123(3) cha ile Sura ya 75 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuagiza mtu apewe dhamana, au dhamana iliyowekwa na korti ya chini au na polisi ipunguzwe. Kifungu cha 362 kinamruhusu jaji kuitisha faili ya kesi yoyote ya jinai iliyo mbele ya hakimu, ajiridhishe kama amri iliyotolewa ni sahihi, ni halali na inafaa. Cha 364 kinampa uwezo wa kuibadilisha. Juu ya hayo yote, Katiba kifungu cha 165(6) na (7) kinaipa Mahakama Kuu kazi ya kusimamia korti za chini. Haya ndiyo yanaitwa mapitio.

Mapitio si rufaa. Kwenye rufaa unasema kesi iliamuliwa vibaya. Kwenye mapitio ya dhamana, kesi yenyewe bado iko Makadara na inaendelea. Jaji haulizi kama uliiba au hukuiba. Anauliza tu: je, masharti haya yaliwekwa kwa kufuata sheria, na kwa mtu huyu, yanafaa?

Unataka mfano? Aprili 2019, aliyekuwa gavana wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa kwa ufisadi. Korti ya kwanza iliweka dhamana ya shilingi milioni 100 pesa taslimu. Mawakili wake hawakufungua group ya WhatsApp ya mchango. Walienda Mahakama Kuu, na kiwango kikashuka hadi milioni 10. Milioni 90 ziliondoka kwa sababu kuna mtu alijua kifungu gani cha kusoma na mlango gani wa kubisha.

Lakini tusidanganyane, mapitio si uchawi. Lenolkulal huyo huyo alirudi kupinga sharti jingine, lile la kutoingia ofisini mwake kesi ikiendelea. Tarehe 24 Julai 2019 Jaji Mumbi Ngugi alilikataa ombi hilo, sharti likabaki. Mwezi uliofuata, aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, alipeleka ombi la namna hiyo na pia akakataliwa, na Mahakama ya Rufaa nayo ikamkatalia Desemba 2019. Wazee wa hapa wanamkumbuka Waititu, manake kabla ya Kiambu alikuwa mbunge wa Embakasi, wakati Embakasi ilikuwa bado eneo bunge moja na Mukuru kwa Njenga ikiwa ndani yake.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba jaji habadilishi masharti kwa sababu mtu hayapendi. Anabadilisha yakipita kiasi, au hakimu akisahau jambo muhimu, au akifuata kanuni isiyo sahihi. Sharti linalolinda mashahidi au mali ya umma linaweza kubaki hata likiuma. Na tunajifunza jambo la pili: sheria iliyomsikiliza gavana wa milioni 100 ni ile ile inayopaswa kumsikiliza mtu wa 50,000. Kifungu cha 123 hakina sehemu ya magavana na sehemu ya watu wa mabati.

Serikali pia inaijua njia hii, na hapa vijana wa Kiislamu tusikize vizuri. Mnakumbuka 2014, mwaka wa Operesheni Usalama Watch na watu waliozuiliwa uwanja wa Kasarani. Desemba ya mwaka huo Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama. Ndani yake kulikuwa na kifungu kipya kilichohusu makosa mazito yakiwemo ya ugaidi: korti ikikupa dhamana, na Mkurugenzi wa Mashtaka aseme anataka kuomba mapitio, kuachiliwa kwako kungeweza kusimamishwa hadi siku 14. Yaani hakimu amesema nenda nyumbani, na bado unarudishwa ndani kwa sababu upande wa pili unafikiria cha kufanya.

Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu, Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi, Hedwig Ong'udi, Hilary Chemitei na Joseph Onguto, walikifuta kifungu hicho pamoja na vingine saba. Walisema kinavunja haki ya dhamana iliyo kwenye kifungu cha 49. Kesi hiyo ilipelekwa na muungano wa upinzani wa CORD, na watetezi wa haki wakajiunga. Haikushindwa barabarani. Ilishindwa kwa karatasi, ndani ya chumba cha korti. Ndiyo maana tunasisitiza: ghadhabu peke yake haitoi mtu rumande.

Kuna kifungu kingine kidogo ambacho kila mtu wa mtaa anafaa kukijua kwa moyo. Katiba kifungu cha 49(2): mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Sasa fikiria kosa ambalo vijana wetu wengi hushtakiwa nalo, la kuzua fujo, chini ya Sheria ya Adhabu kifungu cha 95. Adhabu yake ya juu ni miezi sita. Kama shtaka ni hilo tu, mbona mtu akae rumande kwa kukosa 20,000? Mkumbushe hakimu, kwa heshima, kabla hajatoa amri. Akikataa, umeshapata hoja ya kwanza ya barua yako kwa jaji. Na hili si jambo la mchezo, manake kuna hatari mtu akae ndani akisubiri kesi muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa akipatikana na hatia. Ndipo unasikia mtu amekubali kosa ambalo hakufanya, ati mambo yaishe arudi kwa watoto.

Basi ufanye nini mtu wako akiwekewa dhamana asiyoweza?

Anza kabla ya amri kutolewa. Hakimu akiuliza kuhusu dhamana, mshtakiwa aseme: anafanya kazi gani, anapata ngapi kwa siku, anakaa wapi na tangu lini, nani anamtegemea, na anaweza kupata kiasi gani kweli. Anaweza pia kuomba ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye atakuja mtaani kuuliza na kumwandikia hakimu. Afisa huyo akija kwenu, mpokeeni na mseme ukweli. Wengi wetu tukiona mgeni na faili tunasema "simjui", tukidhani tunamlinda mtu. Hapo umemzamisha.

Kusanya karatasi. Barua ya chifu. Barua ya landilodi au mwenyekiti wa nyumba kumi. Barua ya imamu wa msikiti anakoswali, au ya mwalimu, au ya mwajiri. Jumbe za M-Pesa za kodi zinazoonyesha amekaa hapo miaka mingapi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hizo ndizo hatimiliki za mtu wa Mukuru.

Rudi kwa hakimu yule yule. Omba atazame upya masharti, ukiwa na hizo karatasi. Si kumkosea heshima, hakimu ana uwezo wa kubadilisha amri yake ya dhamana. Omba kiwango kipunguzwe, au aachiliwe kwa bondi yake mwenyewe, au pesa zibadilishwe na sharti lingine, kama kuripoti kituo cha polisi kila wiki.

Ikishindikana, nenda Mahakama Kuu. Ombi linaweza kuwa la wakili, lenye hati ya kiapo. Lakini hata barua iliyoandikwa vizuri inaweza kumfanya jaji aitishe faili. Iandikwe namba ya kesi, korti, shtaka, tarehe ya amri, masharti yalivyo, kwa nini hayawezekani, na kiasi gani kinawezekana. Hii ya mwisho ndiyo watu husahau. Usiseme tu "ni nyingi". Sema "tunaweza 10,000, na mjomba wake yuko tayari kuwa mdhamini". Aliye rumande anaweza kuandika akiwa ndani, barua ipitie ofisi ya gereza. Ulizeni registry ya Makadara faili itapelekwa Mahakama Kuu ipi, na mfuatilie. Barua isiyofuatiliwa hulala.

Tafuta msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu wasioweza kulipa wakili. Wasaidizi wa sheria wa mtaani pia wapo, na wengi wanajua kuandika ombi la mapitio. Na mtu yeyote akikwambia umpe kitu "amwone hakimu", huyo ni mkora, achana naye. Pesa ya dhamana inalipwa kwa korti na risiti unapewa. Itunze. Kesi ikiisha na mshtakiwa alikuwa anahudhuria, pesa hiyo inarudishwa. Dhamana ya polisi nayo hailipiwi ada yoyote ya pembeni.

Tunajua kuna atakayesema: na sisi tulioibiwa je? Mwizi anashikwa leo, kesho tunamwona stejini anakunywa soda. Hasira hiyo tunaielewa, na haitokani na hewa. Mtu aliyeporwa simu usiku pale Kware ana haki ya kuuliza. Lakini jibu la swali lake si 50,000. Mwizi mwenye pesa atalipa na kutoka siku hiyo hiyo. Atakayebaki ndani ni yule asiye na pesa, awe mwizi au asiwe. Kama mshtakiwa anatishia mashahidi, upande wa mashtaka uende mbele ya hakimu na ushahidi, uombe azuiliwe au awekewe sharti la kutokaribia watu fulani. Hiyo ndiyo sababu nzito ambayo Katiba inaitaja. Kiwango cha pesa hakimtambui mtu hatari, kinamtambua maskini.

Na kuna deni upande wetu pia. Ukitolewa kwa dhamana, hudhuria. Kila tarehe, hata kama ni ya kutajwa tu, hata kama kuna kibarua siku hiyo. Ukitoroka, hati ya kukukamata itatolewa, mdhamini wako anaweza kupoteza alichoweka, na kijana mwingine wa mtaa wako akisimama kizimbani wiki ijayo, hakimu atakumbuka wewe. Unayemchomea si serikali. Ni jirani yako.

Kwa hivyo ombi letu kwa kila msikiti, kila timu ya mpira na kila kikundi cha vijana hapa Mukuru ni dogo. Chagueni watu wawili. Kazi yao iwe moja: mtu wa mtaa akishikwa, wajue yuko kituo gani, wawe kortini siku anafikishwa, waandike namba ya kesi na masharti aliyopewa, na waanze kukusanya zile barua siku hiyo hiyo. Mchango wa pesa uendelee, hatusemi muache. Ila pamoja na pesa, mwache barua ya mapitio iende. Zikichangwa elfu kumi na jaji ashushe dhamana hadi elfu kumi, kijana amerudi nyumbani.

Kama una mtu rumande leo kwa kukosa dhamana, usingoje kesi itajwe tena. Tuandikie inbox namba ya kesi na korti, usiweke jina lake kwenye maoni. Tutakaa chini na wewe tuandike hiyo barua.

Wabillahi tawfiq.